Korosho ghafi ipigwe stopu bandarini, au tunajidanganya?

Mleta mada, Mtwara mjini: Wadau, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Jamaa wanataka serikali izuie kabisa korosho ghafi kupakiwa hapa bandarini, ibanguliwe huku huku. Mi napinga. Vile viwanda 12 vya serikali vya zamani, vingine vya mkopo wa Benki ya Dunia, vingi si vimeishia kuwa maghala? Shida ni hela: msimu unaanza Oktoba, ndani ya wiki chache mwenye kiwanda anunue mzigo wa mwaka mzima kwa mkopo wa benki, riba inatembea, mwenzie wa India au Vietnam anapakia meli anasepa. Ule ushuru wa kupeleka ghafi nje, 15% ya bei au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa, ugeuzwe mkopo nafuu wa wabanguaji.

Mkulima, Newala: Mkuu hapo kwenye viwanda umeruka historia, enzi zile korosho zenyewe zilianguka, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mashamba yakabaki pori, halafu ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Na huo ushuru anaulipa nani? Mnunuzi anaupigia hesabu kabla hajataja bei mnadani, kwa hiyo ni mimi. Mkizuia ghafi ndo nabaki na mteja mmoja kabisa, mwenye kiwanda wa hapa. 2018 wanunuzi waligomea bei, Magufuli akasema serikali inunue yenyewe kwa 3,300 kilo, akaleta jeshi lisombe mzigo, sasa jeshi litakuja kila msimu?

Mama Mbanguaji, Lindi: Nyie mnaongelea wakubwa tu. Sisi kikundi cha akina mama tunabangua kwa mkono, mafuta ya maganda yametubabua vidole. Leo anakuja wa viwango, kesho zimamoto, keshokutwa wa usalama kazini, kila mmoja na risiti yake kana kwamba tuna kiwanda cha simenti. Hayo tunavumilia. Ila korosho tunapata wapi? Mnadani zinauzwa kwa matani, hatuna ubavu huo, nikichukua debe mbili kwa jirani naambiwa nafanya kangomba, yaani kununua kwa mkulima nje ya mnada, mzigo unataifishwa. Sheria imewekwa kumlinda mkulima na walanguzi, sawa, lakini imetukamata na sisi.

Mleta mada: Aisee mama hilo sikulifikiria. Basi kila mnada watenge magunia ya vikundi, hata 20.

Mkulima, Newala: Kwa bei gani lakini, msije mkatubana kwa jina la akina mama.

Mama Mbanguaji, Lindi: Bei ya mnada ya siku hiyo hiyo baba, na hela taslimu.

Mkulima, Newala: Taslimu??? Mi magunia yangu matano andika.