Je, watoto wetu wa Mombasa wafuatiliwe macho wanapopiga hesabu za kichwani?

Ndugu aliyetangulia kuchangia ameandika kwamba kumweka mtoto mbele ya kamera ya mtafiti inayofuatilia macho yake anapojumlisha ni kumpeleleza, na kwamba mwalimu mzoefu hahitaji mashine ili ajue nani ameelewa. Hofu yake ya kwanza naiheshimu. Hilo la pili silikubali.

Mwalimu huona jibu tu, na mtoto akiulizwa amelipataje, aghalabu husema, "Nimejua tu." Kifaa hiki humulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana, kikalinganisha nukta inayong'aa juu ya jicho na katikati ya mboni, kikajua jicho limetua wapi kwenye skrini, hata likitua kwa robo ya sekunde. Tena mboni yenyewe husema: mwaka 1964 watafiti Hess na Polt walionyesha kwamba hutanuka mtu anapozidisha kichwani, na hesabu ikiwa ngumu hutanuka zaidi.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni ya hapa kwetu. Wengi wanaosoma kutoka kushoto huziwaza namba ndogo upande wa kushoto na kubwa upande wa kulia, ilhali mwaka 2009 watafiti Shaki, Fischer na Petrusic waliwakuta Wapalestina, ambao husoma maneno na tarakimu zao kutoka kulia, wakiwa na mwelekeo wa kinyume. Basi mtoto wa Mji wa Kale anayesoma shuleni kutoka kushoto, kisha alasiri akaenda chuoni kusoma Kurani kutoka kulia, namba zake zimejipanga vipi? Utafiti wa watoto wa Ujerumani, wanaosoma kutoka kushoto tu, hauwezi kutujibia hilo.

Juzi mjukuu wa jirani yangu aliniuzia mahamri saba ya kumi kumi na mbaazi za hamsini, nikampa shilingi 200. Aliinua macho kwenye boriti za daka, midomo ikicheza bila sauti, akanirudishia 80. Darasani macho hayo hayo yakipanda huambiwa, "Niangalie ninaposema nawe!", ingawa watafiti wa Uingereza wamekwisha kuonyesha kwamba kuyaondoa macho kwa anayeuliza humsaidia mtoto kufikiri. Nakiri kwamba hapo kifaa cha kwenye skrini nacho kingeyapoteza macho yake, ndiyo maana mtafiti lazima pia amsikilize mtoto.

Kuhusu upelelezi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi na maslahi ya mtoto kwanza. Mimi naongeza mawili: idhini iandikwe kwa Kiswahili, na matokeo yasiingie kamwe katika ripoti ya mwanafunzi. Mtafiti atakayeyakubali hayo, mwanangu wa miaka minane nitampeleka mwenyewe.