Mjadala: Baba wa The Road alimlinda mwanawe, au alimfungia mlango wa kupona?

Mleta mada (Kirumba)

Wakuu, salaam. Kuna filamu ya mwaka 2009 inaitwa The Road, imeongozwa na John Hillcoat kutoka kwenye riwaya ya Cormac McCarthy. Imezunguka sana kwenye flashi hapa mtaani na kila kijiwe kina la kusema, kwa hiyo nimeileta tubishane kwa utaratibu. Nitasimulia hadi mwisho. Anayetaka kuiona mwenyewe kwanza aishie hapa.

Dunia imekwisha. Kama ni bomu au kimondo, hatuambiwi. Jua halionekani, miti imekufa na inaanguka yenyewe, mashamba hayaoti kitu, chakula kilichobaki ni makopo ya zamani. Baba (Viggo Mortensen) na mwanawe mdogo, wote wawili bila majina, wanasukuma toroli la supamaketi kuelekea pwani kusini. Baba ana bastola yenye risasi mbili: moja yake, moja ya mtoto, siku wakikamatwa. Maana wengi waliobaki hai wanakula watu.

Sasa hoja. Katikati ya filamu wanapata handaki limejaa vyakula. Wanakula, wanaoga, mtoto anacheka. Kisha wanasikia vishindo juu, na mbwa. Baba anaamua waondoke, waache karibu kila kitu. Mwishoni baba anakufa ufukweni kwa kidonda cha mshale na kifua kilichokuwa kinamtoa damu siku zote, na mtoto anafuatwa na familia: mume, mke, watoto wawili na mbwa. Yule mama anamwambia walikuwa wanawafuata muda wote, wakihofia usalama wao. Mimi nimeunganisha mbwa na mbwa. Waliokuwa juu ya handaki ndio hao hao, na baba aliwakimbia.

Hapo ndipo naikataa njia ya yule mzazi, na nailaumu filamu pia kwa kutuaminisha kwamba mamlaka ikifa, jirani anageuka fisi. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tumeona tofauti. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikitokea Bugolora kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kabla ya kikosi chochote kufika, walikuwepo wavuvi na wanakijiji na mitumbwi yao. Waliokufa walizidi 220, lakini waliotolewa hai siku ile walitolewa na watu wa pale pale. Novemba 6, 2022 ndege ikaangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Waliopona ni 24, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika akiwa na kasia. Hakuna aliyeuliza huyu ni kabila gani au ana shilingi ngapi.

Swali: siku mambo yakiharibika, mtoto wako umemfundisha kukimbia watu au kukimbilia watu? Nawasilisha.

Mchangiaji wa Igoma

Mkuu, mifano yako ni mizuri ila umelinganisha ajali na njaa. Ajali ni ya siku moja. Wale wavuvi jana yake walilala wameshiba ugali na sato, na kesho yake ziwa lilikuwepo. Baba wa kwenye filamu ametembea miaka bila kuona kitu kinaota. Mwenye njaa hana miiko, hilo wazee walilisema bila kuona filamu yoyote.

Na umeruka tukio moja kwa makusudi. Kabla ya handaki wanaingia kwenye nyumba kubwa, wanavunja kufuli la chumba cha chini, wanakuta watu hai wamefungiwa, wengine wamekatwa viungo. Ni akiba ya chakula. Baada ya kuona hilo, unasikia vishindo juu ya kichwa chako, mtoto yuko ubavuni, risasi imebaki moja. Unafungua ukasalimie?

Hao hao wavuvi unaowasifu, waulize kuhusu majambazi wanaopora injini na nyavu usiku. Mvuvi akiona mtumbwi umezima taa unamjia, hasubiri kujua kama ni ndugu. Anawasha injini.

Mchangiaji, mama wa Nyakato

Kwanza, mtoto wa darasa la tatu asioneshwe hii kitu. Wenye mabanda ya video mnaelewa ninachosema, na Bodi ya Filamu ipo kwa kazi hiyo. Hilo nimelimaliza.

Pili, mnabishana juu ya baba, mtoto hamumwoni. Yule mtoto amezaliwa dunia ikiwa imeshaharibika. Hajawahi kuwa na jirani, hajawahi kutumwa chumvi nyumba ya pili. Lakini wakikutana na kizee barabarani, ni yeye anayelilia kwamba kipewe chakula. Mwizi anapowaibia vitu vyao ufukweni, baba akamkamata na kumvua nguo zote kwenye baridi ile, ni mtoto anayelia mpaka wanarudi kuziacha nguo pale na kopo la chakula. Kaitoa wapi huruma? Kwa baba yake. Ndiye aliyemwambia usiku kwa usiku kwamba wao ni watu wema, wanabeba moto. Sisi wazazi tumezoea kulalamika kwamba watoto wanaiga matendo, maneno hawasikii. Huyu alisikia maneno akayashika, akamdai baba yake ayatimize. Kwa hiyo mimi siwezi kusema baba alimharibu.

Na la tatu, nataka nijibiwe. Mama wa yule mtoto alitoka usiku akaenda zake gizani kufa, na huku kijiweni wanaume wote wanamwita mwoga. Baba naye alitembea na risasi ya mtoto mfukoni. Tofauti iko wapi?

Mchangiaji, mzee wa Nansio

Wajukuu, hamjambo. Nyinyi mnaongelea dunia ya kufikirika, mimi nitawapa ya kweli kidogo. Baada ya vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, silaha zilizagaa. Huko Usukumani ng'ombe walikuwa wanaibwa zizini mchana, maduka hayana sabuni, polisi wako mbali na hawana gari. Mnajua watu walifanya nini? Miaka ya themanini mwanzoni wakaunda Sungusungu. Filimbi ikipulizwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinaitikia, wanaume wanatoka na upinde na mishale. Wizi ulipungua sana.

Sasa msikimbilie kupiga makofi. Sungusungu hao hao, sehemu nyingine, walianza kutafuta wachawi. Kikongwe ana macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, basi ni mchawi, auawe. Waliomuua walikuwa wanamwita bibi. Kwa hiyo kijana wa Kirumba usituambie watu ni wema, na wewe wa Igoma usituambie ni fisi. Kundi lile lile, filimbi ile ile.

Mchangiaji wa Buzuruga

Shikamoo mzee. Naongeza moja tu. Waliowawinda ndugu zetu wenye ualbino hapa Kanda ya Ziwa hawakuwa na njaa. Jua lilikuwa linawaka, soko limejaa. Mwaka ule ule filamu inatoka, Januari 2009, Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi kwa ajili ya mauaji hayo. Hiyo nadharia ya njaa mnaitoa wapi?

Mleta mada (Kirumba)

Mzee, marahaba zote ni zako.

Wa Buzuruga, umenisaidia bila kukusudia. Kwenye kesi nyingi za aina ile, aliyetoa siri kwamba mtoto yuko nyumba fulani alikuwa mtu anayemjua. Na mzee kasema wauaji walimwita marehemu bibi. Hatari ilitoka ndani. Sasa baba wa filamu anamfundisha mwanawe kumwogopa mgeni wa barabarani, kila mgeni. Hilo somo halimkingi na wa ndani, na linamnyima yule wa nje ambaye angemsaidia.

Halafu fikirieni mbwa. Kwenye dunia ambayo watu wanakula watu, mtu ana mbwa mzima na hajamla. Huo si ushahidi?

Mchangiaji wa Igoma

Au anawindia. Ushahidi wako una meno.

Jibu swali moja: pale handakini ungefanya nini?

Mleta mada (Kirumba)

Ningekaa kimya mpaka kukuche, nitoke mimi kwanza na bastola, mtoto abaki ndani. Niite. Niwasikie wanavyojibu. Nisingeondoka nikaacha chakula cha miezi kwa sababu ya mlio.

Mchangiaji wa Igoma

Na wakiwa wanane wenye mapanga, mtoto anabaki handakini peke yake na wanajua alipo. Unaongea hivyo kwa kuwa umeuona mwisho wa filamu. Mwenzako alikuwa hajauona.

Mleta mada (Kirumba)

Wa Bwisya nao walikuwa hawajauona. Kila mvuvi anajua kwamba mtu anayezama akidaka ukingo wa mtumbwi mdogo anaweza kuupindua, mkaenda wote. Na pale walikuwa mamia majini. Waliisukuma mitumbwi hivyo hivyo.

Mchangiaji, mama wa Nyakato

Endeleeni tu na mbwa wenu. La mama sijajibiwa.