Naomba ushauri: hoho changa kwenye ndoo, majani ya chini yanakuwa njano

Wakuu, miche ya hoho ina majani sita, ndoo za lita 20 zimetobolewa chini. Mchanganyiko: udongo wa juu sehemu mbili, mboji mbili, samadi ya mbuzi iliyooza moja. Namwagilia nusu lita kuzunguka shina, kidole kikikuta pakavu sentimita tatu chini. Majani ya chini yanageuka njano, machipukizi ni kijani safi, kwa hiyo nashuku upungufu wa kirutubisho cha naitrojeni kuliko maji kuzidi. Huenda mboji haijaiva, bakteria wanaoiozesha wanakula naitrojeni kwanza. Maji yangezidi, huenda mche ungenyauka huku udongo umelowa.

Niongeze mboji iliyoiva juu, viganja viwili, au maji ya samadi, kikombe kimoja kwa kumi vya maji? Ya pili ni ya haraka, ila nahofia chumvi kuunguza mizizi michanga.