Gumzo la watu wa nyumbani: rais mpya wa Ireland

Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Ami: Assalam aleikum nyote. Nimesikia Ireland wamepata rais mpya. Dada wa Galway yuko wapi atueleze?

Dada wa Galway: Waaleikum salaam, Ami. Ndiyo natoka zamu sasa hivi. Ni Catherine Connolly, mtu wa hapa hapa Galway, asilimia 63! Mpinzani wake, Heather Humphreys wa chama cha Fine Gael, kapata 29. Kule kazini kwa wazee redio haikuzimwa kutwa. Kuna bibi mmoja kila nikimpelekea chai ananinyamazisha kwa kidole, ati ngoja wasome ya Galway kwanza.

Kaka: Ulimpigia?

Dada wa Galway: Ya rais ni ya raia tu, kaka, na mimi uraia sijapata. Ila ya madiwani napiga. Mkaazi yeyote akijiandikisha anapiga, hata awe mgeni. Nilipiga Juni 2024.

Shangazi: Mgeni anachagua diwani??

Dada wa Galway: Ndiyo, Shangazi. Naishi hapa, kodi nalipa, barabara mbovu napita mimi. Niliingia kile kibanda, penseli imefungwa kwa kamba, mkono ukanitetemeka. Na hapa huweki tiki. Unaandika 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka uchoke. Wangu wa kwanza aliondolewa mapema kwa kura chache, karatasi yangu ikahamia kwa yule niliyemwandikia 2. Haikutupwa!

Ami: Hilo limenipendeza. Sisi Kenya mtu akikosa nusu ya kura na moja juu, na asilimia 25 katika kaunti 24, tunarudi debeni.

Dada wa Galway: Hapa hawarudi, Ami. Huko kurudi kumo ndani ya karatasi yenyewe. Leo hata hakukuhitajika, Connolly kavuka nusu hesabu ya kwanza.

Kaka: Nasoma kura zaidi ya 213,000 zimeharibika. Watu hawajui kuandika 1?

Dada wa Galway: Wanajua sana. Wengi waliharibu makusudi. Kugombea urais lazima uungwe mkono na wabunge na maseneta 20, au mabaraza 4 ya kaunti. Maria Steen alitaka kugombea, akaishia wabunge na maseneta 18. Waliomtaka wakakuta majina matatu, na moja ni la Jim Gavin wa chama cha Fianna Fáil aliyekwisha jitoa, jina likabaki kwenye karatasi.

Kaka: Si wangelala nyumbani tu?

Shangazi: La, mwanangu. Aliyetoka kwake kwenda kuandika "simtaki yeyote" kasema neno. Aliyelala hakusema kitu.

Dada wa Galway: Na waliolala ni zaidi ya nusu ya waliojiandikisha, Shangazi. Mimi ninayeitamani hiyo karatasi, imeniuma.

Ami: Rais mwenyewe ana nguvu?

Dada wa Galway: Serikali ni ya Taoiseach, yaani waziri mkuu, Micheál Martin. Rais hutia sahihi sheria, akiitilia shaka anaweza kuipeleka mahakama kuu kabisa ipimwe na katiba. Lakini neno lake linasikika. Michael D. Higgins, rais anayeondoka, mshairi, kakaa miaka 14, na ya Gaza aliyasema wazi. Connolly naye kayasema hayo hayo kampeni nzima, tena hataki nchi iburutwe kwenye vita vya wakubwa. Vijana walimfuata kwa hilo.

Shangazi: Na yule bibi wa chai?

Dada wa Galway: Alipigia makofi redio, kisha akaniambia sasa lete. Ilikuwa imepoa, nikamtengenezea nyingine.