Mjadala: Torrijos alicheza vizuri, au Panama ilirudishiwa mfereji ukiwa na kamba mguuni?

Mtoa mada

Wadau, tangu Trump aliposema siku ya kuapishwa kwake, Januari 2025, kwamba Marekani itauchukua tena Mfereji wa Panama, kila kijiwe nakutana na hoja moja kuhusu Omar Torrijos, mtawala wa Panama aliyesaini na Marekani mkataba wa kurudishiwa mfereji: "Torrijos aliingizwa mjini. Angefanya kama Nasser."

Mimi nabisha. Nasser, rais wa Misri, alipotaifisha Mfereji wa Suez Julai 1956, aliyekuwa mbele yake ni kampuni, na kibali cha kampuni hiyo kilikuwa kinaisha 1968 hata yeye angekaa kimya. Askari wa mwisho wa Uingereza walikuwa wameshaondoka mwezi uliotangulia. Torrijos alirithi kitu kingine kabisa. Mkataba wa Novemba 1903 uliipa Marekani ukanda wa upana wa maili kumi, bahari hadi bahari, milele. Aliyeusaini kwa niaba ya Panama ni Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Wajumbe wa Panama wenyewe walifika Washington saa chache baadaye, wino umeshakauka. Na kambi za jeshi la Marekani zilikuwa humo humo kwenye ukanda. Mgeni amelala sebuleni na bunduki yake, halafu unamshauri mwenye nyumba aanze kumtupia virago nje!

Alichofanya Torrijos ni kuwaita majirani waje waone. Machi 1973 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakutana Panama City. Azimio la kuitetea Panama likapata kura 13, Kenya ikiwemo maana mwaka huo ilikuwa mjumbe. Uingereza ikajizuia, Marekani ikapiga kura ya turufu. Kwa hesabu Panama ilishindwa, ila Marekani ilibaki peke yake, tena ugenini, ndani ya nchi ya mdai wake. Februari mwaka uliofuata Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akasaini na mwenzake wa Panama, Juan Antonio Tack, kanuni nane za mazungumzo, na lile "milele" likawekwa kando. Septemba 1977 Rais Carter wa Marekani na Torrijos wakasaini: adhuhuri ya Desemba 31, 1999, mfereji unakabidhiwa.

Miaka 22 ya kungoja. Nasema ilikuwa bei nzuri. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka ukurasa. Ile siku ilisainiwa mikataba miwili. Wa pili ni wa kutoegemea upande, yaani mfereji ubaki wazi kwa meli za nchi zote, na Seneti ya Marekani ilipoujadili Machi 1978, Seneta DeConcini akachomeka sharti: mfereji ukifungwa, Marekani inaweza kutumia nguvu za kijeshi, hata ndani ya Panama, kuufungua. Ukapita kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu juu ya theluthi mbili. Kwa hiyo walichorudishiwa Wapanama ni nyumba ambayo mpangaji wa zamani amebaki na ufunguo. Desemba 1989 tukaona wanajeshi wa Marekani zaidi ya 20,000 wakiingia kumng'oa Noriega, mtawala wa Panama wa wakati huo.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnaongea kana kwamba kila kitu kilianzia mezani. Januari 9, 1964 wanafunzi wa Instituto Nacional, sekondari ya Panama, waliingia kwenye ukanda na bendera yao. Ilikwishakubaliwa bendera mbili zipepee pamoja, lakini wenzao wa Kimarekani wa sekondari ya Balboa wakapandisha ya kwao pekee. Wakasukumana, bendera ya Panama ikachanika. Wapanama zaidi ya 20 wakafa, na wanajeshi wanne wa Marekani. Rais Chiari wa Panama akavunja uhusiano na Marekani. Barabara iliyopakana na ukanda, ambayo ilibeba jina la Nne Julai, leo inaitwa Avenida de los Mártires, yaani Barabara ya Mashahidi. Kissinger hakuja na kanuni nane kwa ukarimu wake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi wa Mombasa, hizo maili kumi zimenigusa. Mwambao wetu nao ulikuwa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiulipia kodi tangu 1895. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua, mambo yakaisha. Barua ziliahidi mahakama za kadhi zibaki na hatimiliki za ardhi ziheshimiwe. Kadhi wapo. Ya ardhi, njooni muulize wazee huku. Kwa hiyo miaka 22 siicheki, haraka nayo ina deni lake.

Mtoa mada

Wa pili, nimekubali, 1964 ilipaswa kuwa aya yangu ya kwanza.

Wa kwanza, angalia hiyo 1989 yako vizuri. Nchi imevamiwa, mtawala amekamatwa, Washington ina kila kisingizio cha kusema "tusubiri kwanza". Tarehe haikusogea hata siku moja! Mwaka uliofuata, kama mkataba ulivyotaka, msimamizi mkuu wa mfereji akawa Mpanama. Hiyo ndiyo kazi ya miaka 22: marubani wa meli, mafundi wa malango, wahasibu, wote wakafundishwa wakiwa kazini. Ilipofika 1999 zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi walikuwa Wapanama, na meli zilipita Januari 1 kama zilivyopita jana yake. Mwaka 2006 wakapiga kura ya maoni ya kuupanua, na 2016 wakafungua malango mapya. Ukame wa 2023 uliposhusha maji ya Ziwa Gatún, linaloulisha mfereji, wao ndio walioamua meli ngapi zipite kwa siku.

Mchangiaji wa kwanza

Kuendesha sijabisha, wanaendesha vizuri. Ila mkataba uliobeba tarehe ulikufa siku hiyo hiyo ya 1999. Ule wenye sharti la DeConcini hauna tarehe ya mwisho. Umesema "milele" iliwekwa kando 1974. Hebu niambie, hii nayo tuiiteje?