Ukaguzi wa gari ukipitwa na muda, je, bima nayo imekufa?

Jumamosi iliyopita, siku ya soko pale Tengeru, gari la jirani yangu lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara iendayo Moshi, injini imezimwa, likagongwa nyuma na fuso ambalo halikusimama. Tungali tunaokota vipande vya taa, mtu mmoja akaichungulia stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, akaona muda wake umekwisha, akasema bima kubwa ya gari hilo, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lenyewe, haifai kitu tena. Wengi waliokuwepo walimkubalia. Mimi napinga.

Stika na bima ni vitu viwili. Bima ni mkataba wenye tarehe na masharti yake, na sharti lililozoeleka ni kwamba mwenye gari alitunze liwe salama barabarani. Gari bovu na gari ambalo halijakaguliwa si kitu kimoja: lililokaguliwa Machi laweza kufika Juni tairi zimekwisha kabisa, na lenye stika ya zamani laweza kuwa na breki nzima.

Uingereza, ambako gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, sheria ya bima ya mwaka 2015 inaizuia kampuni kukataa fidia kwa sharti lililovunjwa ikiwa kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara ile iliyotokea. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea. Gari lililoegeshwa lilisababishaje kugongwa kwake?

Wapo watakaosema kwamba nawalea wazembe. Sivyo. Breki zikikatika kwenye mteremko, na taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi ikaonyesha kwamba zilikuwa zimechakaa siku nyingi, kampuni ina haki ya kubishana na mwenye gari, ilimradi mzigo wa kuthibitisha uwe wa kampuni. Lakini isibishane na aliyegongwa. Sheria yetu ya Tanzania ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima ya mtu wa tatu kwa ajili ya huyo hasa, na mama anayeuza ndizi pembeni ya lami hana namna ya kusoma stika za magari yanayompita. Alipwe kwanza, kisha kampuni imdai mteja wake.

Jirani yangu bado hajairudisha fomu ya madai, kwa kuwa ameshakatishwa tamaa. Anayeamini kwamba bima yake imekufa, naomba atuwekee hapa sharti lenyewe, neno kwa neno, kama lilivyo kwenye hati yake.