Injini ya Volkswagen Beetle imegoma kuingia kutokea chini: tuivute kwa nati au tuishushe?

Mkazi wa Isanga

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na Volkswagen Beetle za zamani. Mafundi wengi ninaowafahamu hapa Mbeya wamezoea Toyota, ambazo injini zake huning'inizwa kwa winchi na kushushwa kupitia mbele, ilhali injini ya gari hili iko nyuma na haina njia nyingine isipokuwa ya chini.

Gari ni la mwaka 1965, lililotoka kiwandani na injini ya 1200 (yaani cc 1200) na umeme wa volti 6, na giaboksi yake ni ileile ya tangu mwanzo. Injini ya awali ilipasuka, nikanunua ya 1300 iliyotolewa kwenye gari la mwaka 1972, ikafunguliwa na kuwekwa ringi na beringi mpya. Sasa imekaa juu ya jeki ya magurudumu chini ya gari. Sina shimo la gereji, hivyo gari tumeliinua nyuma na kulikalisha juu ya stendi mbili uani, kwenye udongo ulioshindiliwa.

Injini inapanda vizuri, na studi mbili za chini zinaingia kwenye matundu yake bila shida, lakini ikibaki nafasi ya upana wa kidole kati yake na giaboksi inagoma kabisa. Fundi anayenisaidia anashauri tufunge nati zote nne, kisha tuzikaze kidogo kidogo kwa zamu hadi injini ivutwe na kukaa mahali pake. Mimi nasita, kwa kuwa sijaona sababu ya chuma kukataa kuingia mahali kilipoundiwa. Je, kuivuta hivyo ni salama? Na kama si salama, tuanze kuchunguza wapi?

Mstaafu wa Gangilonga

Ndugu yangu wa Isanga, mwambie fundi wako aweke spana chini kabla hamjazungumza lolote lingine. Kasha la injini hiyo na la giaboksi vyote ni vya aloi ya magnesi, madini mepesi ambayo hayavumilii kuvutwa kwa pembe. Ukikaza nati wakati kitu kimezuia ndani, moja kati ya mambo matatu litatokea: sikio la kasha litavunjika, au studi itang'oka na uzi wake, au kitovu cha pleti ya klachi kitapinda, na hili la tatu ndilo baya zaidi kwa sababu injini itaingia, mtashangilia, halafu gari litakataa kuachia gia na mtalazimika kuishusha upya. Nati zile kazi yake ni kushikilia injini iliyokwisha kukaa. Injini iliyonyooka husukumwa kwa mikono ya watu wawili hadi nyuso zikagusana pande zote, ndipo nati hufungwa, na hukazwa kwa nyutoni mita 30 tu, kiasi ambacho hakihitaji mtu kuning'inia kwenye mpini.

Nafasi ya upana wa kidole inasema jambo. Shafti ya giaboksi hupita kwanza kwenye meno ya pleti ya klachi, kisha ncha yake huingia kwenye beringi ndogo ya sindano iliyomo ndani ya ile nati kubwa ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya krenki, shafti kuu ya injini. Mkikwama mkiwa bado mbali, kwa kawaida ni meno hayajakutana. Mkikwama karibu kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni ile ncha kukosa tundu la beringi, ama kwa sababu pleti haikukalishwa katikati wakati kava ya klachi, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, inafungwa, ama kwa sababu injini imeinama.

Kwa hiyo ishusheni. Legezeni bolti za kava ya klachi, chomekeni shafti ya giaboksi nyingine iliyokufa kama mtaipata kwenye vyuma chakavu pale Mwanjelwa, na mkiikosa tumieni kipande cha mti kilichochongwa mviringo na kuzungushiwa utepe hadi kikaze kwenye meno ya pleti na kwenye beringi, kisha kazeni bolti kwa kukatisha kikiwa bado ndani. Kikitoka kwa kuteleza bila kukwaruza, pleti iko katikati. Pakeni grisi kidogo sana kwenye beringi ile, kwa sababu ikizidi itarushwa na kulowesha pleti.

Wakati wa kupandisha, angalieni mwanya kati ya injini na giaboksi kwa juu, kwa chini na kwa pembeni. Ukiwa mpana chini kuliko juu, au upande mmoja kuliko mwingine, rekebisheni mlalo wa jeki, msisukume. Meno yakikataa kukutana, ingizeni gia ya nne na vuteni breki ya mkono, ambayo kwenye gari hili hushika magurudumu ya nyuma, ili shafti isizunguke. Kisha mwenzako azungushe puli ya injini taratibu huku wewe ukisukuma. Utasikia kwa kiganja meno yanapokubali.

Mlima Nyoka

Mkuu, mambo ya jeki ya magurudumu kwenye udongo ni kujitesa. Sisi tulisimamisha milingoti miwili, tukalaza mmoja juu, tukafunga cheni bloki na kunyanyua sehemu yote ya nyuma ya gari kwa kamba iliyofungwa kwenye bampa. Injini ikabaki chini imetulia, tukalishusha gari taratibu juu yake. Kazi ilikwisha mapema.

Dada wa Mafinga

Kaka wa Mlima Nyoka, nakuheshimu, lakini ushauri huo usifuatwe na mtu yeyote mwenye familia. Bampa la gari hilo limeshikiliwa na vyuma vyembamba, ambavyo kwa umri wake vimekwisha kuliwa na kutu, na anayeingiza injini hulazimika kuingia chini ya gari kichwa na mabega. Gari likining'inia kwenye cheni bila stendi, hakuna kilichobaki kati yake na mtu isipokuwa kamba.

Kuhusu stendi, mahali pake ni chini ya lile bomba nene linalokatisha gari mbele ya giaboksi, ambamo mna vyuma vya torsheni vinavyofanya kazi ya springi, upande wa kulia na wa kushoto. Juu ya udongo, hata ulioshindiliwa, mguu wa stendi huzama upande mmoja baada ya muda, hasa kipindi hiki cha mvua, kwa hiyo kila stendi iwekewe chini ubao mpana na mnene. Huku kwetu mbao za Sao Hill si tatizo, na vipande viwili vilivyokatishana na kupigiliwa misumari vinatosha. Na kwa kuwa breki ya mkono ni ya magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yako hewani, magurudumu ya mbele yawekewe vigingi vya mbao mbele na nyuma. Sehemu ya nyuma huhitaji kuinuliwa kama sentimita 90 hivi ili injini ipite chini ya bampa ikiwa na kasha la feni. Huo ni urefu mkubwa, na ndiyo maana sitanii kuhusu stendi.

Lakini ndugu mwuliza swali, kuna jambo mzee wetu wa Gangilonga hakuligusa. Giaboksi ni ya 1965 ya volti 6, injini ni ya 1972. Flaiwili uliyoifunga ina meno mangapi?

Mkazi wa Isanga

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Nimehesabu meno ya flaiwili: ni 130. Tumeishusha injini na kuikagua pleti ya klachi, na kipande cha mti kilichochongwa kimeingia na kutoka bila kukwaruza, hivyo nadhani iko katikati. Pia nimeona kwamba kava ya klachi iliyokuja na injini haina ile pete bapa katikati ya vidole vyake, ilhali kava ya injini ya zamani inayo. Je, tofauti hiyo ina maana?

Dada wa Mafinga

Ina maana kubwa, na sasa tatizo lako lina majina mawili.

La kwanza ni flaiwili. Gari za volti 6 zilikuwa na flaiwili ya meno 109, na giaboksi zake zilichongwa ndani kulingana na kipenyo hicho. Flaiwili ya volti 12 yenye meno 130 ni pana zaidi, na mara nyingi hugusa kuta za ndani za ile kengele ya giaboksi, yaani mdomo wake mpana unaoifunika flaiwili. Kuhakikisha ni rahisi: paka rangi yenye unyevu au grisi iliyochanganywa na masizi kwenye ncha za meno ya flaiwili, pandisha injini kwa mikono hadi inapogoma, zungusha puli kidogo, kisha ishushe na umulike ndani ya kengele kwa tochi. Mahali palipochafuka ndipo panapogusa. Hapo patahitaji kupunguzwa kwa mashine ya kusaga, kidogo kidogo na kwa mkono mwepesi, huku shafti na tundu la sili vikiwa vimezibwa kwa matambara ili unga usiingie. Unga wa magnesi hushika moto kwa cheche na hauzimwi kwa maji, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mbali na petroli, uufagie mara kwa mara usirundikane, na uweke ndoo ya mchanga mkavu karibu.

La pili ni kava. Giaboksi zilizotangulia mabadiliko ya mwaka 1971 hazina bomba la kuongoza rilizi beringi, ile inayobonyeza kava unapokanyaga klachi. Beringi huning'inia kwenye uma wake na kubonyeza ile pete bapa. Kava yako mpya imetengenezwa kwa giaboksi yenye bomba, ndiyo maana haina pete. Ukiifunga hivyo, hata injini ikikubali kuingia, beringi itasugua ncha za vidole bila kukaa katikati, na klachi haitadumu. Tafuta kava yenye pete, kava yenyewe ikiwa ya kipenyo cha milimita 200 kama pleti yako. Ile ya zamani ya 1200 ni ya milimita 180 na haitakaa kwenye flaiwili hii.

Mlima Nyoka

Kwa nini asihamishe flaiwili ya zamani ya meno 109 kwenye injini mpya na kumaliza mchezo wote? Kava anayo, pleti anayo, na stata ya volti 6 inabaki mahali pake.

Mstaafu wa Gangilonga

Swali zuri, na kwa bahati mbaya jibu si la mkato. Flaiwili ya gari hili ndiyo inayoamua mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma, ambao hupimwa kwa saa ya kupimia na kurekebishwa kwa shimu (washa nyembamba) za chuma hadi uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ukibadilisha flaiwili bila kupima upya, unaweza kuibana krenki au kuiacha ikicheza, na injini iliyotoka kufunguliwa juzi itarudi kufunguliwa. Isitoshe, nati ya katikati hukazwa kwa takriban nyutoni mita 300, nguvu ambayo uani haipatikani bila bomba refu na watu wa kuishikilia flaiwili. Kama fundi ana vifaa hivyo, na kama uso wa flaiwili ya zamani unakubaliana na krenki mpya na namna yake ya kuzuia oili, njia hiyo ipo. Kama hana, kupunguza kengele ni salama zaidi.

Dada wa Mafinga, hongera kwa jicho hilo. Mimi nilikimbilia pleti ya klachi kwa sababu ndilo kosa la kila siku.

Mkazi wa Isanga

Tumepaka masizi kama dada alivyoelekeza. Alama zimetokea sehemu mbili ndani ya kengele, moja ikiwa karibu na tundu la stata, na ni dhahiri kwamba meno yanagusa pale. Fundi wangu ameridhika na amekubali kusaga badala ya kuvuta. Kava yenye pete nimeagiza, na nimeamua gari zima liwe la volti 12. Ninaomba maelekezo ya mwisho: kabla ya kuipandisha tena, ni kitu gani nisichoweza kukifikia injini ikishakuwa ndani?

Dada wa Mafinga

Kwanza bushi ya stata. Shafti ya stata ya volti 12 ni nyembamba kuliko ya volti 6, na ncha yake hukaa kwenye bushi iliyomo ndani ya kengele, kwa hiyo ibadilishe sasa ukiwa unaiona. Injini ikiingia hutaifikia.

Kisha mpira wa kuzunguka chumba cha injini. Watu huudhani ni urembo, lakini ndio unaotenganisha hewa baridi ya juu, inayovutwa na feni, na hewa ya moto inayotoka chini kwenye silinda na eksozi. Ukiwa umepasuka au umekunjamana, feni inarudishiwa joto lilelile, na injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta ya kukuokoa ukipandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje, au Kitonga ukiwa na abiria. Weka mpya kwenye bodi kabla ya injini kupanda, na mtu mmoja asimame nyuma ya gari injini inapokaribia, akiukalisha ukingo wake juu ya bati kwa vidole au kwa bisibisi butu, kuzunguka pande zote.

Kebo ya akseleta hupita kwenye kibomba kilichomo ndani ya kasha la feni; iongoze humo kabla injini haijafika juu, vinginevyo utabaki unachokonoa kwa waya usioona unakokwenda. Bomba la petroli linalotoka kwenye bodi lizibwe kwa bolti nyembamba hadi dakika ya kuunganisha mpira.

Bolti mbili za juu ndizo zitakazowatoa jasho. Ikiwa kasha lako lina nati zilizoshikizwa zisizunguke, utakaza bolti kutokea chini upande wa giaboksi. Ikiwa halina, mtu mwenye mkono mwembamba apitishe mkono nyuma ya kasha la feni na kuitafuta nati kwa kupapasa huku mwenzake akishika kichwa cha bolti kwa chini. Bolti ya upande wa stata ina kichwa kilichokatwa ubavu mmoja ili kijizuie chenyewe, na ndiyo hiyohiyo inayoishika stata kwa juu. Anza na nati za chini kwa vidole tu, kisha za juu kwa vidole, angalia mwanya umefungwa pande zote, ndipo uchukue spana ya 17.

Mstaafu wa Gangilonga

Naongeza moja tu. Jaza oili lita 2.5, chomoa waya wa koili, na upige stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe waya na kuwasha. Na nafasi ya valvu, milimita 0.15 injini ikiwa baridi, ikague sasa ikiwa juu ya jeki. Ukiwa umelala chini ya gari kwenye tope la Isanga utaikagua kwa haraka mno.